Mashati ya Jikoni

Siku ya tatu baada ya maziko ya Bi Mwanakombo, jamaa zake walilifungua sanduku lake la nguo ili wazigawe. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka katika chumba cha ndani cha nyumba yao ya Msambweni, nikichambua mchele pamoja na Mutindi, ambaye nilikuwa sijamtia machoni kwa miaka mingi. Tulipokuwa wasichana tulishona kwenye chumba kimoja, bega kwa bega. Sasa yeye ni bibi wa wajukuu watano huko Shimba Hills, na alikuwa amewaletea wafiwa gunia zima la machungwa, akalikokota mwenyewe hadi uani huku akikataa kusaidiwa. Mpwa wa marehemu, binti anayesoma chuo, akatoa sandukuni gauni refu la rangi ya maziwa, akaliinua dirishani. Mwanga ulipenya kitambaa, lakini hapakuwa na tundu wala uzi uliolegea. "Hili limeshonwa lini?" akauliza. "Wewe ulikuwa hujazaliwa," Mutindi akamjibu. Binti akanigeukia mimi. "Shangazi Mwanaisha, wewe ndiye fundi. Mtu akitaka nguo ya kudumu, anunue kitani kitupu au hizi za mchanganyiko?" Ni swali ambalo wateja huniuliza kila wiki, na kwa kawaida jibu huwa ninalo mdomoni. Safari hii nilimwona Mutindi akiacha kuchambua mchele na kunitazama, nikababaika. Nikamwambia binti yule kwamba inategemea. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akalikunja gauni, akaendelea na kazi yake, nami nikajua kwamba sikumjibu. Ili nimjibu sawasawa ingenipasa nimweleze habari za mwaka mzima, na matangani pale si mahali pake.

Mwaka huo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimetoka Munje nikijua kushona sketi za shule na foronya, nikijiona fundi, na Bi Mwanakombo akanipokea katika karakana yake ya Ukunda. Vilikuwa vyumba viwili tu. Cha mbele kilikuwa na cherehani tatu na meza ya kukatia iliyotengenezwa kwa mlango wa nyumba ya zamani, ambayo bado ilikuwa na alama ya mahali palipokuwa na komeo. Cha nyuma kilikuwa na jiko la mkaa, mkeka wa kulia chakula, na majora ya vitambaa yaliyosimamishwa ukutani kama watu wanaongoja zamu yao. Harufu ya chumba kile siwezi kuisahau: vitambaa vipya, mkaa wa pasi, na tui la nazi. Adhuhuri tulikula pamoja kwenye sinia moja, wali na samaki mara nyingi, au mihogo. Jumatatu Mutindi alirudi kutoka kwao na mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula cha watu wa bara, na Bi Mwanakombo aliyamiminia tui zito bila kumwomba ruhusa. Mutindi alilalamika wiki mbili za mwanzo. Wiki ya tatu alikuja na nazi yake mwenyewe.

Bi Mwanakombo alinipa kibiriti kabla hajanipa mkasi. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza. Alichomoa nyuzi mbili kutoka kwenye majora mawili, akaniambia nizichome moja moja juu ya kisahani. Uzi wa kwanza uliwaka kwa mwali mtulivu, ukanuka kama karatasi inayoungua, ukaacha jivu jepesi lililopotea nilipolipuliza. Wa pili ulijikunja, ukatoa moshi mweusi, ukayeyuka, na mwishoni likabaki tone dogo jeusi. Niliona kama kitu cha mchezo, nikaligusa tone lile kabla halijapoa. Likanigandia kidoleni. "Wa kwanza ni kitani," akasema. "Wa pili ni polista. Mwuzaji wa Mombasa atakwambia lolote, mwanangu. Wewe choma uzi ujionee." Nilinyonya kidole changu siku nzima, na malengelenge yalipopona nikalisahau jambo lile, au niseme nililihifadhi pamoja na mambo ya kutambua bidhaa bandia, mahali ambapo halikunisaidia.

Kazi kubwa ilikuja katikati ya mwaka. Meneja wa hoteli moja ya Diani, Bwana Kariuki, alifika karakanani akiwa amevaa viatu vilivyong'aa kuliko kioo chetu, akataka tushone sare mpya za wafanyakazi wake wote: wahudumu wa meza, watandika vitanda, watu wa bustani na wapishi. "Mimi nataka kitambaa moja tu ya watu wote," alisema. "Ioshwe leo, ivaliwe kesho, na mtu asikae kama amelala nayo. Na ikae miaka. Sitaki kurudi hapa kila Krismasi." Bi Mwanakombo alimkaribisha chai, akamwambia kwamba vitambaa vilivyofaa vilikuwa viwili, kitani kitupu au mchanganyiko wa kitani na polista nusu kwa nusu, na kwamba hangechagua kwa kubahatisha. Sare za zamani zingevalika hadi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo akaomba muda wa kujaribu, na meneja, ambaye nadhani hakuwahi kuombwa muda na fundi hata siku moja, akakubali.

Tulishona mashati mawili yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa kitambaa, tukampa Salim Bakari. Salim alikuwa kijana mpishi katika hoteli ile ile, amepanga chumba ua wa pili kutoka kwetu, na kila asubuhi alipita mlangoni petu kununua mahamri na mbaazi kwa mama jirani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Tulikubaliana avae shati moja leo na la pili kesho, yote yafuliwe hotelini pamoja na nguo nyingine, na kila Ijumaa aniletee niyakague. Niliyatandaza juu ya meza, nikapitisha vidole kwenye mishono, kola na viwiko, nikaandika daftarini nilichokiona. Niliipenda sana kazi ile. Kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba ushonaji una elimu ndani yake, na kwamba elimu hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiikusanya.

Miezi miwili ya kwanza kitani kiliongoza. Kilizidi kulainika kila kilipofuliwa, hakikushika harufu, na jasho lilikauka upesi. Lakini Mutindi, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga pasi, alikuwa adui yake. "Hii kitambaa ni kama mtoto mgonjwa," alisema. "Unaibembeleza na maji, unaipiga pasi, ukigeuka imejikunja tena." Mwezi wa nne wa majaribio niliona kitu kingine. Pale kola ilipokunjwa na kukandamizwa kwa pasi siku zote mahali pale pale, nyuzi zilianza kukatika, moja, tatu, kisha mstari mzima. Lile la mchanganyiko lilikuwa kama limetoka cherehanini jana, isipokuwa vijidonge vidogo vya nyuzi kwapani. Niliandika haya yote kwa mwandiko mzuri. Siku moja, nikiwa ndani nakata mifuko, nilimsikia Salim akizungumza na Mutindi mlangoni huku wakila mahamri. "Mimi nikipewa kuchagua," alisema, "nitachukua la kitani hata likiwa na tundu." Mutindi akamwuliza kwa nini. "Lile jingine jikoni ni moto." Mutindi akacheka, akamwambia kwamba jikoni kila kitu ni moto. Nami nilichukua kalamu, nikaandika: Salim analalamikia joto. Nimeyatafakari maneno yale matatu mara nyingi. Niliyaandika bila kunyanyuka kitini, na kutoka nilipokaa hadi mlangoni hazikuzidi hatua sita.

Mwisho wa mwezi wa tano wa majaribio mama yake Bi Mwanakombo aliugua huko Majoreni, ikabidi aende kumwuguza. Meneja alikuwa akingoja jibu. Asubuhi ya kuondoka, Bi Mwanakombo alinikuta kwenye meza na daftari langu, akalisoma kurasa zote akiwa amesimama, mtandio tayari kichwani. "Umefanya kazi nzuri," akasema. "Basi chagua wewe." Nilimwuliza yeye angechagua nini. "Ningekuwa hapa ningekwambia. Lakini sitakuwapo, na kazi ikikatwa kwa neno langu, likitokea swali utashindwa kulijibu. Ila usichague kwa daftari peke yake. Nenda hotelini, ukaone kila shati linakwenda kufanya kazi gani." Nikamwitikia. Nilikusudia kwenda. Siku iliyofuata meneja alipiga simu ya duka la jirani, wakaniita, akaniuliza kama yupo mtu wa kumpa jibu au biashara ile imefungwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na mtu mkubwa alikuwa akiningoja kwenye simu. Nikamwambia ni mchanganyiko, kwa watu wote. Nikamweleza habari za kola na za kukatika kwa nyuzi kwa ufasaha hadi akasema, "Madam, nyinyi mnajua kazi." Nilirudi karakanani nikitembea kama bibi harusi.

Tulishona kwa wiki kadhaa, na kwa kweli yalikuwa mashati mazuri. Tulipoyapeleka, wafanyakazi waliyavaa pale pale kwenye chumba chao cha kulia chakula, wakatazamana na kucheka. Salim alivaa lake, akafunga vifungo hadi juu, akanisalimia kwa kichwa tu. Hakusema lolote kuhusu kitambaa, nami nilichukua ukimya wake kuwa ni kuridhika.

Wiki ya tatu baada ya hapo, saa saba mchana, kijana wa bustani kutoka hotelini alisimama mlangoni petu akihema. Mafuta yalikuwa yameshika moto kwenye karai, alisema, na Salim alipojaribu kulifunika, moto ulimpanda mkono. Amepelekwa hospitalini Msambweni. Mutindi aliondoa pasi juu ya nguo, tukaondoka pamoja. Wauguzi hawakuturuhusu kuingia, tukaketi kwenye benchi la barazani, chini ya dirisha. Ndani nilisikia sauti za wanawake wawili, za utulivu, za watu waliozoea. "Bado hujamaliza?" mmoja aliuliza. "Jeraha lenyewe nimeshalisafisha, dada. Kinachonichelewesha ni hii nguo. Imeyeyuka, imeshikana na ngozi. Nikiivuta inakuja na nyama." Mwenzake akauliza ni nguo gani hiyo. "Sare ya hoteli," yule wa kwanza akasema. "Tena nzuri, bado mpya kabisa." Kisha nikamsikia Salim. Sitaeleza nilichokisikia. Mutindi alinishika mkono, akaubana, na hakunitazama usoni.

Hakuna aliyekilaumu kitambaa. Hotelini walisema ni mafuta, majirani walisema ni kudra ya Mungu, na mimi ningeweza kukaa kimya hadi leo, na hili ndilo ninalotaka kulisema bila kulipamba: siku nne nilikaa kimya kweli. Nilishona, nilikula, niliitikia salamu. Kila nilipoingia chumba cha nyuma niliona masalio ya jora lile, nikageuza uso. Wapishi wengine watano walikuwa wanavaa mashati yale yale kila siku, mbele ya moto ule ule, na nililijua hilo kila saa ya siku zile nne. Watu huniambia kwamba nilikuwa mdogo. Sikuwa mdogo kiasi hicho. Nilikuwa naogopa kwamba nikisema, kazi yote ya mwaka, daftari, sifa za meneja, jina nililoanza kulipata Ukunda, vyote vingekuwa ushahidi dhidi yangu.

Siku ya tano Bi Mwanakombo alirudi. Habari alikuwa amezipata njiani. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akavua mtandio, akaketi mkekani katika chumba cha nyuma, akaniomba maji ya kunywa. Alikunywa yote. Kisha akauliza, "Mashati ya jikoni ulishona kwa kitambaa gani?" Nikamwambia. "Ulikwenda hotelini kutazama?" Nikasema sikwenda. "Ulijua polista ikipata moto inafanya nini?" Ningeweza kusema kwamba sikukumbuka, na ingekuwa nusu ya kweli. "Nilijua," nikasema. Aliniangalia bila hasira. "Basi hapo sina la kukufundisha," akasema. "Kilichobaki ni chako." Akainuka, akaenda kuosha samaki. Sikuwahi kuadhibiwa na mtu kama nilivyoadhibiwa na sauti ya maji yale yakimwagika kwenye beseni.

Nilikwenda Diani mchana huo huo. Bwana Kariuki alinipokea ofisini kwake kwa uchangamfu, akidhani nimeleta salamu za pole. Nilipomwambia mashati ya wapishi yavuliwe leo, alikunja uso. "Hiyo ilikuwa ajali ya mafuta. Nguo iliingilia wapi?" Nikatoa kipande cha mchanganyiko na kipande cha kitani, nikaomba kisahani cha sigara kilichokuwa mezani, nikavichoma mbele yake. Cha kitani kiliungua kikawa jivu. Cha mchanganyiko kiliyeyuka, kikadondosha matone yanayowaka hadi nje ya kisahani, na moja likatoboa karatasi zake. Alilizima kwa kiganja, akashtuka, akaipuliza ngozi yake. Alitazama kiganja chake. "Nani alichagua hii?" akauliza. "Mimi." "Na huyo mama mwenye karakana anajua umekuja hapa kuniambia?" "Anajua." Aliinuka, akafungua mlango, akamwita mkuu wa jikoni. Kazi haikutoka mikononi mwetu, jambo ambalo hadi leo sielewi vizuri. Nadhani alihofia kumpata fundi mwingine ambaye angemwambia anachotaka kukisikia.

Kumwambia Salim kulikuwa kugumu zaidi. Aliporudi chumbani kwake nilimpelekea uji, nikasimama karibu na mlango uliokuwa wazi, nikamweleza yote, hata zile siku nne. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji toka kidoleni hadi juu ya kiwiko. "Nilisema lile shati ni moto," akasema. Nikamjibu kwamba nilidhani anasema joto tu, si kuungua. "Hukuniuliza." Akageukia ukutani. Nikaliweka bakuli chini, nikaondoka. Kwa wiki nyingi baadaye alinunua mahamri upande wa pili wa barabara, na Mutindi, aliyekuwa akila naye kila asubuhi, alikula peke yake na hakunilaumu kwa mdomo.

Mashati ya jikoni tuliyashona upya kwa kitani kitupu. Bi Mwanakombo alikaa nami kwenye meza ya kukatia kama mwanafunzi mwenzangu, tukatafuta dawa ya ile kola. Tulishona kola fupi ya kusimama isiyo na mkunjo, viwiko tukavitia kitambaa mara mbili, na tukamwagiza mfuaji asikandamize pasi kwenye mistari ile ile. Mashati yale yalidumu. Wahudumu wa meza na watandika vitanda waliendelea na mchanganyiko, nao pia ukadumu, miaka mingi. Hayo ndiyo ningemwambia yule binti wa chuo: kitani ni imara na rafiki wa mwili lakini hakipendi kukunjwa pale pale kila siku, mchanganyiko huvumilia kufuliwa na uvivu wetu, na ukienda jikoni uuache nje. Ningemwambia pia kwamba tangu mwaka ule sijamkatia mtu nguo ya kazi kabla sijaenda kumwona akiifanya kazi yenyewe. Nimekwenda kwenye machimbo ya mawe, kwenye wodi, kwenye mabanda ya kuku. Wateja hudhani ni madaha.

Shati la Salim sikulishona pamoja na yale mengine. Vipimo vyake nilikuwa navyo daftarini, lakini mkono haukuwa ule tena, na sikuthubutu kumwita. Mashati matano yalikwenda hotelini, na la sita likabaki juu ya meza, kipande tu cha kitani kilichokunjwa. Kisha asubuhi moja, saa nne hivi, Salim aliingia. Bi Mwanakombo alimjibu salamu, akamwuliza hali, akakumbuka kwamba ana chungu motoni, akaingia chumba cha nyuma. Mutindi naye akakumbuka jambo, akamfuata.

"Wenzangu wamepata mashati mapya," Salim akasema. "Mimi narudi kazini Jumamosi."

"Lako bado. Sikutaka kulikata kwa vipimo vya zamani."

Alifungua kifungo cha mkono wa shati alilovaa, akaukunja hadi juu ya kiwiko, taratibu, akaulaza mkono wa kushoto juu ya meza ya kukatia. Ngozi ilikuwa imevutika na kung'aa, ya waridi mahali na nyeusi mahali, na kiwiko kilikuwa kimejikunja kidogo. Alijaribu kukinyoosha ili nione.

"Haufiki zaidi ya hapo," akasema. "Usinishonee shati la mkono wa zamani."

"Sitakushonea."

"Haya, pima."

Niliweka futi ya kupimia begani pake, nikaishusha hadi kwenye kiwiko, nikafuata mkunjo, na futi ikateleza ikaanguka mezani, kwa kuwa sikuthubutu kuibana mwilini mwake. Niliiokota, nikajaribu tena, ikateleza tena. Salim aliinua mkono wake wa kulia, akaishika ncha ya futi akaibana begani mwake, ikatulia, nami nikaanza kupima upya.